Hewa Ukaa na Chokaa ya Bahari: Maneno Matatu ya Kutahadhari katika Kueleza Kemia ya Maji ya Mombasa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi gesi, hasa oksijeni na hewa ukaa, zinavyoingia katika maji ya bahari, zinavyokaa humo na zinavyotoka. Mifano imetolewa Likoni, Kisauni na Changamwe, yaani sehemu za Mombasa zilizo upande wa bara. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kulieleza jambo hili kwa mwanafunzi na kwa mvuvi. Hata hivyo, maneno matatu, yaani kuyeyuka, hewa na tindikali, yakitumiwa ovyo hupotosha maana na kumfanya msikilizaji akatae jambo lililo kweli. Makala yanapendekeza namna ya kuyatumia.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na bahari tangu siku yake ya kwanza darasani. Ushairi wa Mombasa, tangu enzi za Muyaka bin Haji aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, umejaa mawimbi, pepo, vyombo na manahodha. Lakini bahari hiyo ni ya juu. Ile iliyo ndani ya maji yenyewe, ambayo haionekani kwa macho, tumewaachia wanasayansi, nao huisoma na kuiandika kwa Kiingereza.

Hali hii ina gharama. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1979, ina makao yake makuu Mkomani, upande wa bara ya kaskazini, karibu kabisa na watu wanaoishi kwa kuvua. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, mvuvi wa Timbwani akitaka kujua maji anayovulia yana nini, hana budi kungoja mtu amtafsirie. Tafsiri hiyo ikiwa mbovu, hasara ni yake, si ya mfasiri. Ndiyo sababu mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu hapa. Hatakiwi kuwa mwanakemia. Anatakiwa kuielewa kemia kiasi cha kuyapima maneno yanayoibeba.

2.0 Gesi Huingiaje Baharini?

Hewa tunayovuta ni mchanganyiko wa gesi. Sehemu kubwa ni naitrojeni, yapata asilimia 78. Oksijeni ni asilimia 21. Hewa ukaa haifiki hata nusu ya sehemu ya kumi ya asilimia moja. Gesi hizi zote hugusana na uso wa bahari, na kila moja huingia majini kwa kadiri yake.

Kanuni ya kwanza ilielezwa na Mwingereza William Henry mwaka 1803: kadiri gesi inavyoyakandamiza maji kutoka juu, ndivyo inavyoingia kwa wingi. Chupa ya soda ni ushahidi wa kila siku. Kiwandani hewa ukaa hushindiliwa ndani ya kinywaji. Kifuniko kikifunguliwa, mgandamizo hupungua na gesi hutoka kwa povu. Bahari nayo ni chupa isiyo na kifuniko. Gesi ikizidi angani, huingia majini. Ikizidi majini, hutoka.

Kanuni ya pili ni ya joto. Maji baridi hushika gesi nyingi kuliko maji ya moto. Mpwani anaweza kuielewa kanuni hii kwa kalenda ya pepo zake. Wakati wa kusi, hasa Agosti na Septemba, maji ya juu ya pwani ya Kenya hupoa hadi nyuzi 25 hivi. Kaskazi inapokwisha, Machi na Aprili, hupanda hadi nyuzi 28 au 29, na pengine zaidi. Kwa hiyo maji ya kusi yana uwezo wa kubeba gesi nyingi zaidi, na mawimbi makali ya msimu huo huichanganya hewa na maji kwa nguvu.

Kanuni ya tatu ni ya chumvi: maji ya chumvi hubeba gesi kidogo kuliko maji baridi ya mto. Katika nyuzi 25, lita moja ya maji ya mto yanayogusana na hewa yanaweza kushika oksijeni ipatayo miligramu 8.3, lita ya maji ya bahari hushika kama 6.7 tu. Lita moja ya hewa, kwa upande mwingine, ina oksijeni ya karibu miligramu 270. Maana yake ni kwamba samaki anaishi katika makazi yenye oksijeni iliyo pungufu mara 40 kuliko yetu. Kinachoonekana kwetu kuwa upungufu mdogo, kwake ni suala la uhai.

3.0 Oksijeni katika Hori za Mombasa

Oksijeni huingia baharini kwa njia mbili: kutoka hewani, na kutoka kwa mimea ya majini inayoitengeneza kwa mwanga wa jua. Hutoka kwa sababu kila kiumbe hupumua, wakiwamo bakteria wanaoozesha mabaki ya mimea, wanyama na uchafu wa binadamu. Palipo na uchafu mwingi na maji yasiyotembea, bakteria hula na kupumua hadi oksijeni ikaisha.

Tope la mikoko ni mfano mzuri. Mtu akilichimba kando ya Hori ya Tudor upande wa Kisauni, au katika Hori ya Port Reitz inayopakana na Changamwe na Likoni, atakutana na weusi na harufu ya mayai viza. Harufu hiyo ni ya gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Ndani ya tope oksijeni imekwisha. Bakteria wengine hutumia salfeti ya maji ya bahari badala yake, na gesi hiyo ndiyo mabaki ya kazi yao. Hali hii ni ya kawaida katika mikoko, na miti yenyewe imejiandaa. Mchu huchomoza mizizi iliyosimama wima kama penseli ili ipumue juu ya tope. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyojipinda kama matao.

Tatizo huanza hali ya topeni inapopanda hadi kwenye maji. Kinachoizuia isipande ni mwendo wa maji. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Mombasa hufikia karibu mita 4. Kila siku bahari huingia horini na kutoka, ikileta maji yenye oksijeni na kuondoa yaliyochoka. Wakati wa maji mafu, tofauti ni ndogo na hori hupumua kwa shida zaidi.

Makupa ni mahali pa kulitafakari jambo hili. Kwa miaka mingi kisiwa cha Mombasa kiliunganishwa na Changamwe kwa tuta lililozuia maji kupita kati ya Hori ya Tudor na Hori ya Port Reitz. Jirani yake palikuwa Kibarani, palipokuwa jaa kubwa la taka. Maji yasiyopita na taka zinazooza vilikutana mahali pamoja. Mwaka 2022 tuta hilo lilibadilishwa kwa daraja, na maji yakapata tena njia. Wengi waliliona daraja kama jambo la barabara na magari. Kwa kemia ya bahari, lilikuwa pia jambo la pumzi.

4.0 Hewa Ukaa: Gesi Yenye Tabia ya Pekee

Oksijeni ikiingia majini hubaki oksijeni. Hewa ukaa haifanyi hivyo. Huungana na maji na kugeuka. Ndiyo sababu bahari inaweza kubeba kaboni nyingi ajabu, zaidi ya mara 40 ya ile iliyomo angani.

Ili kulieleza badiliko hili bila fomula, tuichukulie kaboneti kuwa kiumbe mwenye mikono miwili. Mikono yote ikiwa mitupu, huyo ni kaboneti kamili. Haidrojeni mmoja akiushika mkono mmoja, tunapata bikaboneti. Haidrojeni wawili wakiishika mikono yote miwili, tunapata asidi ya kaboni, ambayo ndiyo hewa ukaa iliyoungana na maji. Katika maji ya kawaida ya bahari, kati ya kila chembe 100 za jamii hii, kama 90 ni bikaboneti, kama 9 ni kaboneti yenye mikono mitupu, na moja tu hivi imebaki katika hali ya hewa ukaa au asidi yake.

Zile 9 ndizo zenye kazi ya ujenzi. Tumbawe, chaza na viumbe wengine wenye maganda huhitaji kalsiamu na kaboneti ili kutengeneza chokaa ya miili yao. Kalsiamu naye ana mikono miwili. Akikutana na kaboneti mwenye mikono mitupu, hushikana na kuwa jiwe. Kalsiamu si adimu: lita moja ya maji ya bahari ina zaidi ya miligramu 400. Kinachoweza kupungua ni mikono mitupu.

Sasa tuongeze hewa ukaa. Inaungana na maji na kuwa asidi ya kaboni, yaani kaboneti aliyeshikwa mikono yote miwili. Asidi hii humwachia haidrojeni mmoja kwa urahisi. Haidrojeni huyo hakai bure. Humtafuta kaboneti mwenye mikono mitupu na kumshika mkono mmoja. Mwishowe tunapata bikaboneti wawili, na kaboneti mmoja wa ujenzi amepotea. Huu ndio ukinzani ambao wanafunzi wengi huukosa: tunaongeza kaboni baharini, lakini kaboneti inapungua.

5.0 Chokaa: Kemia Ambayo Mswahili Aliijua kwa Mikono

Jamii ya pwani ilifanya kazi na kaboni ya bahari karne nyingi kabla ya neno kaboneti kuandikwa. Mafundi walikusanya matumbawe, wakayapanga juu ya kuni, wakawasha tanuu na kuchoma chokaa. Moto uliliondoa jiwe hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Kilo 100 za mawe safi ya chokaa zikiungua kabisa, huacha kilo 56 za chokaa, na kilo 44 huenda angani zikiwa hewa ukaa. Chokaa hiyo ilimwagiwa maji, ikatumiwa kujengea na kupigia lipu. Ukutani, iliivuta tena hewa ukaa kutoka hewani taratibu, ikawa jiwe. Fundi aliposema chokaa imeshika, alikuwa akieleza kurudi kwa gesi ndani ya jiwe, ingawa hakuihitaji lugha hiyo.

Kisauni imeuona mchakato huohuo kwa kiwango cha viwanda. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, kikitegemea mwamba wa matumbawe ya kale, mabaki ya miamba iliyokuwa hai zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mashimo yaliyoachwa na uchimbaji yalianza kupandwa miti mwaka 1971 chini ya René Haller, mivinje ikitangulia, na leo sehemu hiyo ni Haller Park. Msomaji anayeitembelea anatembea chini ya mwamba uliokuwa bahari. Kaboneti iliyokusanywa na matumbawe kwa vizazi vingi hugawanywa tanuuni kwa muda mfupi: chokaa huingia katika saruji, na hewa ukaa hupaa. Ikumbukwe kwamba sehemu hii ya hewa ukaa hutoka katika jiwe lenyewe. Ile ya kuni au makaa ya mawe ni nyingine juu yake.

6.0 Mizani Inavyobadilika

Kabla ya enzi ya viwanda, kati ya kila chembe milioni moja za hewa, hewa ukaa ilikuwa kama 280. Charles Keeling alipoanza kuipima katika mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa yapata 315. Sasa imepita 420. Kwa mujibu wa kanuni ya Henry, bahari haina hiari: angani ikizidi, majini itaingia. Takriban robo ya hewa ukaa inayotolewa na shughuli za binadamu kila mwaka humezwa na bahari.

Matokeo yake hupimwa kwa kipimo cha pH, kilichobuniwa na S. P. L. Sørensen mjini Copenhagen mwaka 1909. Katika kipimo hiki 7 ni katikati; chini yake ni asidi, juu yake ni alikali. Wastani wa maji ya juu ya bahari duniani ulikuwa karibu 8.2 na sasa ni karibu 8.1. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kila hatua moja ya kipimo hiki ni badiliko la mara 10. Kushuka kwa kiasi cha 0.1 ni ongezeko la haidrojeni la takriban asilimia 30. Haba na haba hujaza kibaba.

Hapa inafaa tumtangulie mdadisi. Katika vidimbwi vinavyobaki juu ya mwamba wa Nyali, Bamburi au Likoni maji yakipwa, pH hupanda na kushuka kila siku kwa kiasi kinachoweza kuzidi hiyo 0.1. Mchana nyasi za baharini na mwani hutumia hewa ukaa, na pH hupanda. Usiku viumbe vyote hupumua, hewa ukaa huongezeka, na pH hushuka. Je, hii haionyeshi kwamba viumbe wamezoea? La. Dau huinuka na kushuka na kila wimbi bila kudhurika. Maji yakipwa chini yake, litakaa mwambani hata mawimbi yawe yaleyale. Panda-shuka ya kila siku ni wimbi. Kushuka kwa wastani ni kupwa.

Aidha, tusitie chumvi. Maji ya juu ya bahari za joto kama yetu bado yana kaboneti kupita kiwango ambacho chokaa ingeanza kumumunyika. Tumbawe la Mombasa haliliwi na asidi leo. Linajenga kwa taabu zaidi. Vilevile, kupauka kwa matumbawe kulikotokea pwani ya Kenya mwaka 1998, na tena 2016, kulisababishwa na joto, si na pH. Ni maradhi mawili tofauti, ingawa chanzo chao kikubwa leo ni kimoja.

7.0 Maneno Matatu

7.1 Kuyeyuka. Barafu huyeyuka, samli huyeyuka, na mtu aliyetoweka husemwa ameyeyuka. Tukisema gesi imeyeyuka baharini, msikilizaji anaweza kuelewa kwamba imetoweka, ilhali hoja yote ni kwamba imo. Neno kumumunyika linafaa zaidi. Anayemumunya peremende anajua kwamba umbo limekwisha lakini utamu umebaki kinywani. Vitabu vya sayansi vya Tanzania vimezoea neno mmumunyo; Kenya haina sababu ya kuliona geni.

7.2 Hewa. Neno hili hutumika kwa ule mchanganyiko tunaovuta na pia kwa gesi yoyote. Gesi, kwa upande wake, kwa mkazi wa Changamwe huleta kwanza picha ya mtungi wa kupikia. Pendekezo letu ni hewa ibaki kwa mchanganyiko, na gesi kwa kila kilichomo, pakiwa na maelezo mafupi mara ya kwanza. Hewa ukaa iachwe kama ilivyo, kwa kuwa imekwisha kushika mizizi, na ina mantiki: imejengwa kwa kaa na makaa, kama vile neno la Kilatini lililozaa kaboni lilivyomaanisha makaa.

7.3 Tindikali. Hili ndilo neno la hatari zaidi. Katika matumizi ya kila siku tindikali ni kitu cha kuunguza. Husikika katika habari za watu waliomwagiwa. Mvuvi akiambiwa bahari imekuwa tindikali, atautia mkono wake majini, atauona mzima, na hatamwamini tena aliyemwambia. Naye atakuwa na haki, kwa sababu maji yenye pH ya 8.1 si asidi. Yangali upande wa alikali.

Wapo watakaopendekeza tuseme ualikali wa bahari unapungua. Pendekezo hili linavutia lakini halifai. Wanakemia wa bahari wana kipimo kingine kinachoitwa ualikali, yaani jumla ya uwezo wa maji kuidhibiti asidi, na hewa ukaa ikiingia kipimo hicho hakibadiliki. Tungeondoa kosa moja kwa kuleta jingine.

Suluhisho limo katika sarufi yetu. Maji ya chai yakitoka nyuzi 95 hadi 85, tunasema yanapoa, hatusemi yamepoa. Kiambishi -na- hueleza mwelekeo, -me- hueleza hali iliyofikiwa. Basi tuseme uasidi wa bahari unaongezeka, wala tusiseme bahari imekuwa asidi. Silabi moja hapa ndiyo mpaka kati ya taarifa na uzushi.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tumeona kwamba gesi huingia baharini kwa kanuni ambazo mpwani anaweza kuzipima kwa kusi na kaskazi, kwa bamvua na maji mafu, kwa tope la mikoko na kwa tanuu la chokaa. Tumeona pia kwamba hewa ukaa inayoongezeka hupunguza kaboneti ambayo matumbawe huijengea. Kwa samaki anayelitegemea tumbawe, na kwa nyumba inayomtegemea samaki huyo, si jambo la maabara pekee.

Istilahi hazianzi patupu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kinachokosekana ni daraja kati ya kamusi hiyo na lugha ya Mtongwe, Timbwani na Bamburi. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada za utafiti wakusanye msamiati wa wavuvi kuhusu rangi, harufu, joto na mwendo wa maji, kabla wenye nao hawajatutoka. Pili, kila istilahi mpya ijaribiwe mbele ya wavuvi kabla ya kuchapishwa: waelezwe, kisha waombwe waeleze kwa maneno yao. Istilahi isiyorudi na maana iliyotumwa haijafika.